Mama Anatafutwa Riyadh

Jumapili, 5 Oktoba

Mama anasugua liwa tena, ule mti wa manukato. Hakuna bibi harusi, ila kwake Jumapili ni siku ya liwa, basi. Amekaa juu ya mkeka sebuleni, jiwe mbele yake. Mimi niko pembeni, navunja vikonyo vya mawaridi makavu ya Taifu. Nyumba nzima inanukia harusi. Harusi ya nani, sijui. Makopo ya singo, liwa iliyochanganywa na mawaridi, yamejaa mpaka nimeanza kuyaficha chini ya kitanda changu, asione yalivyo mengi.

Shemeji Nassor, mwana mkubwa wa Mama, amepiga simu kutoka Riyadh. Likizo ya shule ya mwezi ujao atakuja na gari kumchukua Mama akaishi kwao. Chumba kipo, cha chini, na choo chake mwenyewe. Wajukuu wanamuulizia. Kila alichosema kilikuwa cha haki. Laiti angekuwa mtu mbaya, ningemkasirikia vizuri.

Mama hakubishana. Alimwambia, "Nikiwa na kazi sitoki Jeddah, Nassor. Nikiwa sina, n'takwambia nini?" Nassor akasema sawa Mama, iwe hivyo.

Kazi yake ni kusinga maharusi. Siku zile msichana anapofungiwa ndani kabla ya ndoa, Mama ndiye humsugua mwili mzima kwa singo mpaka ngozi ilainike na roho itulie. Nusu ya wake wa Kizanzibari wa mji huu wamepita mikononi mwake. Mwaka huu hajaitwa hata na mmoja.

Na mimi ni nani wa kusema asiende? Mke wa marehemu Suleiman, mwanawe mdogo. Mtoto hakuniachia. Tunaishi wawili, mimi na mama mkwe wangu. Haki sina. Nampenda tu.

Jumanne, 7 Oktoba

Kwenye kliniki ya meno ninakofanya kazi, leo wagonjwa wachache. Meno ya watu wa mtaa wa Al-Safa yametulia. Nikakaa mapokezi, nikaandika kwenye simu: singo ya bibi harusi Jeddah.

Wa kwanza ni saluni moja kubwa ya kaskazini mwa mji. Eti singo ya Zanzibar. Picha zinaonyesha hamamu ya Kimoroko na tango machoni. Chini yake saluni nyingine. Kisha nyingine. Ukurasa wa Mama, niliotengeneza mwenyewe mwaka jana na kuusahau, uko kurasa tatu ndani. Nani anafika huko? Mimi, kwa sababu nilikuwa namtafuta.

Nimeumia. Zamani mama wa bibi harusi alimuuliza jirani. Sasa anaiuliza simu, na simu haimjui Mama.

Nilimuuliza Hanadi, yule mwenzangu anayeutunza ukurasa wa kliniki. Anasema injini ya kutafutia haina macho yake, inafuata macho ya watu. Watu wakiandika neno na kumbofya fulani kila siku, inaanza kuamini kwamba fulani ndiye anayetakiwa, inampandisha. Au ndivyo wanavyosema. Wenye injini hawasemi kila kitu, akasema, sisi wengine tunabahatisha.

Kubahatisha kunanitosha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia Mercy. Alikuwa akifanya kazi za ndani nyumba ya jirani na kliniki, akiwaleta watoto wa bosi kung'olewa meno, tukawa marafiki pale kwenye viti vya kusubiria. Kafili wake, yule bosi mwenye kibali chake, alihamishiwa Riyadh, naye akaenda nao. Mkenya wa Nakuru, mlokole, mdomo hauna breki.

Nilimweleza. Sikumaliza, akanikatiza. "Rahma, wewe tulia. Hapa Riyadh tuko wengi. Hii ni harambee tu, ila badala ya pesa watu wanachanga vidole." Ana kundi la WhatsApp la wanawake wa Kenya, wote wa majumbani. Atawaambia wamtafute Mama na kumbofya, asubuhi na jioni.

Nilicheka hadi Mama akauliza kuna nini. Nikamwambia Mercy anakusalimu. Sikumdanganya, alimsalimia kweli.

Ijumaa, 10 Oktoba

Wameanza. Mercy ananitumia sauti kila saa anayoipata. Wamebofya wakipiga pasi. Wamebofya chooni, mahali pekee ambapo madam hawafuati. Wanajibizana kwenye kundi, "Mimi tayari," "Mimi pia tayari," kama watu wanaokwenda kupokea komunyo.

Watu wasiomjua Mama. Sijui nifanye nini na wema wa namna hii. Nimepika pilau, nikamwekea Mama nyama zote nzuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Tumeshuka.

Nimeangalia mara tatu nikidhani nimekosea. Tulikuwa kurasa tatu ndani, sasa nne. Nimeikasirikia simu, na saluni, na mimi mwenyewe.

Hanadi alitazama, akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. Anauliza hao wanawake wakiingia wanakaa muda gani. Nikamuuliza Mercy. Hawakai. Wanabofya, wanatoka papo hapo, kuokoa bando. Bando ndiyo kuongea na watoto Kenya. Mercy aliwaambia mwenyewe, "Ingia, toka, usimalize bando." Wakafanya hivyo kwa uaminifu wote.

Sasa injini imeona watu wengi wanafungua mlango wa Mama, wanachungulia, wanakimbia. Imehukumu kwamba ndani hakuna kitu.

Na kweli hakuna. Hilo ndilo lililonichoma. Nilikwenda kuufungua ukurasa wenyewe: picha moja ya mikono ya Mama, namba ya simu, na mstari mmoja, "Huduma ya singo kwa maharusi." Maisha mazima ya mtu, nami nimeyaandikia mstari mmoja. Hata mimi ningetoka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Baada ya chakula nilimwomba Mama anieleze kazi yake, nimrekodi. Akaniangalia. "Weye nilikusinga mwenyewe, nikueleze nini tena?" Nikamwambia si mimi, ni wengine. Akajifunika mtandio vizuri kana kwamba simu ina macho, akaanza.

Aliongea mpaka alasiri ikaadhiniwa.

Kwamba huanzi usoni. Unaanzia nyayo, msichana auzoee mkono wako, ndipo unapanda. Kwamba liwa usiichanganye na maji ya bomba, ichanganye na marashi ya mawaridi, na kilua, lile ua, kikipatikana kwa yule bibi muuza maua wa mtaa wa Karantina basi weka, kisipopatikana usimdanganye mtu kwamba umeweka. Kwamba msichana asiulizwe kama anampenda bwana. Aulizwe kama amekula.

Kwamba wote hulia mkono ukifika mgongoni. Wenye furaha, wenye hofu, waliolazimishwa, wote. "Mgongo mtu haujui," alisema. "Hajawahi kuushika wala kuuona. Akiguswa pale kwa huruma, anakumbuka mamake. Basi we mwache alie, usimuulize kitu. Endelea kusugua."

Kisha akasahau kwamba anarekodiwa, akaanza kumsimulia Suleiman, alivyokuwa mdogo akila liwa kutoka kwenye jiwe, mdomo wote wa manjano. Nikashindwa kujizuia. Akanivuta kichwa kwenye paja lake, akaendelea kuongea, mkono mgongoni pangu.

Hapo pa Suleiman nimepaondoa, sitapaweka. Ni pangu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimeuandika ukurasa upya. Sauti ya Mama juu, maneno chini, kwa Kiswahili na Kiarabu. Hanadi amesahihisha Kiarabu. Hakuna uso wake, hakutaka. Mikono tu.

Nimemwambia Mercy: waambie wasibofye tena kwa harambee. Waambie asiyetaka kusikiliza asiingie. Halas, imetosha. Mercy amenuna kidogo.

Jumapili, 26 Oktoba

Mercy ameacha kununa. Ametuma sauti ndefu, hana haraka, hilo peke yake ni ajabu. Wanasikiliza. Si kwa kunisaidia. Wanasikiliza wakiosha vyombo, simu mfukoni, sikio moja. Mmoja anasikiliza kila asubuhi kabla bosi hajaamka. Wengine hawajui singo ni nini, wametoka bara kabisa. "Lakini hapo anasema usimuulize kama anapenda bwana, muulize kama amekula," alisema, "hapo sote tunanyamaza. Hapa hakuna mtu ametuuliza kama tumekula." Kakake Mercy, dereva wa malori kwenye maghala ya Al-Sulay, Riyadh, naye ameisikia, ameisambaza kwa madereva wenzake. Wanaume wazima, ghalani, wanamsikiliza Mama akifundisha kusugua nyayo.

Wengine wameituma sauti ya Mama kwa familia wanazozijua, za Kiswahili, za Riyadh. Wale wametuma kwa wengine.

Nilimchezea Mama ile sauti ya Mercy. Akaenda kuosha jiwe la liwa lililokuwa safi.

Jumanne, 28 Oktoba

Mercy kanipigia anapiga kelele. Mama ni wa kwanza. Ameandika singo kwenye simu, Mama yuko juu kabisa, juu ya saluni zote.

Niliandika na mimi. Saluni ya tango ndiyo ya kwanza. Mama ukurasa wa pili.

Nikaandika tena. Vilevile.

Hanadi ndiye aliyeelewa. Waliobofya na kukaa wote wako Riyadh. Injini haimpi kila mtu jibu moja. Inamwangalia mtu alipo, inamletea wanachokipenda wa kwao. Riyadh imejifunza kwamba ukitaja singo wanamtaka Mama. Jeddah haijajifunza kitu.

Nilitaka Mama apate kazi hapa ili asiende Riyadh. Nimemtangaza Riyadh. Nilicheka pale mapokezi mpaka daktari akatoka kuangalia. Kisha nikaenda chooni na sikuwa nikicheka.

Jumatano, 29 Oktoba

Simu imelia Mama akiwa ameishika. Mwanamke wa Riyadh, asili ya wazee wake Pemba. Binti yake anaolewa wiki ijayo. Alisikia ile sauti, akalia jikoni kwake, anamtaka huyu bibi na si mwingine.

Mama alijibu, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Suleiman afariki. Akauliza msichana ana ngozi gani. Akauliza anakula vizuri. Alipokata simu alikaa wima.

"Rahma, tutakwenda?"

Nikasema tutakwenda.

Jumamosi, 1 Novemba

Wawili wengine wamepiga, wote wa Riyadh. Mama yuko jikoni anaimba. Leo asubuhi namba ya Riyadh ililia simu ikiwa kwangu, yeye anaoga. Niliitazama mpaka ikanyamaza.

Nilikaa nayo kutwa. Niliwaza, asipojua hatakuwa na cha kuchagua. Hivyo ndivyo nilivyowaza, naandika kama ilivyokuwa. Baada ya magharibi nilimwambia kuna mtu alipiga, sikupokea. Hakuuliza kwa nini. Alinishika kidevu, akasema, "Mpigie basi, atakuwa anangoja."

Alhamisi, 6 Novemba. Riyadh

Tumefika jana kwa ndege, tumefikia kwa Nassor. Begi la nguo moja, la singo mawili. Askari wa uwanja wa ndege alifungua kopo, akanusa, akafumba macho kidogo, akatuambia yalla, piteni.

Leo tumeanza na bibi harusi. Msichana mrefu, mwanafunzi wa udaktari, simu haimtoki mkononi. Alimwambia Mama ana ratiba, atahitaji kumaliza kabla ya adhuhuri. Mama akasema sawa mwanangu, akaanza na nyayo. Ilipofika adhuhuri simu ilikuwa chini ya mto na msichana amelala.

Mimi nachanganya, Mama anasugua. Mikono yake haitetemeki akiwa kazini. Nyumbani kikombe tu humtetemesha.

Ijumaa, 7 Novemba. Riyadh

Msichana amelia Mama alipofika mgongoni. Mamake msichana, mlangoni, naye akalia. Mimi nilikwenda kukoroga kisichohitaji kukorogwa.

Alasiri Mercy alipata ruhusa, madam wake amemleta kwa gari mpaka mlangoni kwa Nassor, ampitie baada ya saa moja. Nilidhani atatuchosha kwa maneno. Aliingia, akamwamkia Mama kwa kuinama kama mtoto, kisha akakosa la kusema. Mercy.

Mama aliitaka mikono yake. Imekauka yote, imepasuka kwenye vifundo, dawa za sakafu. Akachukua singo iliyobaki, akamsugua kidole kimoja kimoja. Akamuuliza, "Umekula?"

Mercy alilia kwa sauti. Mke wa Nassor akafunga mlango watoto wasije. Mama hakumuuliza kitu, aliendelea kusugua.

Jumamosi, 8 Novemba. Riyadh

Simu ya Mama haitulii. Mchana aliniita kwenye kile chumba cha chini. Ni kizuri. Jua linaingia. Ameshaweka jiwe la liwa dirishani.

Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Nimeitwa, mwanangu," alisema. "Siku nyingi sijaitwa." Akalipangusa lile jiwe. "Ukisema turudi, n'tarudi nawe."

Na angerudi. Ndiyo maana sikusema. Ningemrudisha kwenye yale makopo chini ya kitanda, kila Jumapili anajaza jingine. Nilimwambia akae. Nilitamka vizuri, sikulia. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Nimekasirika. Nampenda, na nimekasirika.

Nassor na mkewe wameniomba nihamie na mimi. Wamesema kwa moyo. Lakini shemeji si maharimu yangu, ningeishi na mtandio kichwani mpaka jikoni. Na kazi yangu iko Jeddah, na kaburi la Suleiman liko Jeddah.

Jumanne, 11 Novemba

Nyumba kubwa. Juzi niliporudi kutoka Riyadh nilifunga mlango na kuita "Hodi Mama" kama kawaida yangu. Mjinga.

Hanadi ameniletea chakula kazini siku ya pili sasa, anajifanya amepika kingi. Aliniuliza kama najuta ule ukurasa. Nikasema la. Kisha nikasema siku nyingine nitasema ndiyo, asinishike neno.

Alhamisi, 13 Novemba

Mama kapiga. Ana maharusi mpaka mwisho wa mwezi. Mercy anakuja kila Ijumaa anayoruhusiwa, amejifunza kuchuja marashi, anamwita Shosh, yaani bibi, kwa lugha ya kwao. Mama hajui maana yake ila anaitika. Miguu haimuumi. Amekula. Mimi je, nimekula?

Nikasema nimekula. Baada ya simu nikaenda kula.

Ijumaa, 21 Novemba

Likizo ya shule imeanza. Mtaa kimya, majirani wengi wamesafiri. Nassor hana mtu wa kuja kumchukua.

Mama ametuma ujumbe kwa mkono wa mjukuu. Watu wa Riyadh wanampata kwa urahisi, lakini wanaona pameandikwa Jeddah, wengine wanakata tamaa hawapigi. Anaomba nimrekebishie, nikipata nafasi. Nafasi ninayo.

Nimefungua ukurasa baada ya alasiri. Nimesikiliza sauti yake kwanza, yote, mpaka mwisho. Simu yangu iko Jeddah. Kama injini inahesabu, basi imehesabu mtu mmoja wa Jeddah, amekaa, hajatoka.

Kisha nikaenda pale penye mji. Nikafuta Jeddah, herufi moja moja. Nikaandika Riyadh. Ikaniuliza kama nina uhakika.

Nikabofya ndiyo.